Kigelegele Kilichopelekwa Mkutanoni

Mimi sina subira, na sikusudii kujifanya ninayo. Bi Time Kificho nitamsimulia kwa hasira zangu, kwa sababu yeye mwenyewe hakukasirika vya kutosha, na mtu akidhulumiwa akanyamaza lazima apatikane jirani wa kumkasirikia. Jirani huyo ni mimi, Rahila. Nyumba yangu na yake zimepeana mgongo hapa Jadida, mjini Wete. Nikikohoa mimi, yeye hunipa pole kupitia dirishani.

Bi Time hana cheo cha kumfanya aandikwe. Kazaliwa Kojani, akaletwa Jadida na ndoa akiwa msichana, na tangu afariki mumewe, aliyekuwa seremala, anaishi kwa kusuka mikeka. Ukipita barazani kwake mchana utamkuta na miyaa yake, vidole vinakwenda mbio wala haviangalii, na mdomo unawasalimu wapita njia. Hajui kusengenya. Hilo ndilo kosa lake kubwa, kwani mtu asiyesengenya mtaani hana anayemwogopa.

Lakini Mungu alimpa kigelegele. Kwetu kila mwanamke ana chake, kama alivyo na mwendo wake, na ukiwa nje ya uwa wa harusi unaweza kuwataja waliomo ndani bila ya kuchungulia. Changu mimi ni cha kuku aliyebanwa na mlango, nakijua, na sijawahi kuombwa kukirudia. Cha Bi Time huanza chini, chini kabisa, kikapanda taratibu, kikafika juu kikakatika. Wageni hudhani kimekwisha. Sisi wenyeji hungoja, maana baada ya pumzi moja hurudi tena, chembamba na kirefu, mpaka mwili ukusisimke. Hakuna mwengine Wete nzima mwenye kukata vile. Akiitwa, alikuwa anaweka chini ukili, ule utepe wa miyaa anaousuka, anavaa buibui lake, anakwenda. Hakuuliza harusi ni ya nani.

Sasa nieleze na ugonjwa wetu. Tangu kuja vyama vingi, kisiwa hiki kimepata maradhi ya kususiana, na kila uchaguzi ukikaribia homa inapanda. Mtu akijulikana kuwa ni wa chama kile, chama hiki hakinunui kwake, hakimwendei harusini, hakimzikii. Nimeona kwa macho yangu maiti anachimbiwa kaburi na wanawe peke yao, na majirani wamekaa barazani wanatazama mbingu kama wanaosubiri mvua. Waislamu sisi! Tunaosali safu moja! Sitaji jina la chama, kwa sababu vyote nimeviona vikifanya hivyo, na nikitaja kimoja cha pili kitajiona kina kheri.

Jadida yetu ilikuwa ya chama kimoja karibu yote, Bi Time akiwemo. Mikutanoni hakuwa akienda, akisema siasa inamkata usingizi, lakini hakuna aliyekuwa na shaka naye. Na mwaka ule wa uchaguzi alikuwa na jambo lake kubwa kuliko kura. Kitinda mimba wake, Umkulthum, alikuwa ameposwa na kijana wa Kiuyu aitwaye Muadh, na harusi ilikuwa karibu.

Harusi hapa kwetu ni watu. Ni wanawake wa kukuna nazi na kupeta mchele, wanaume wa kuchinja na kusimama na masufuria, wasichana wa kumtia bibi harusi hina, na uwa uliojaa hata pa kuweka mguu hapana. Ukiwa na watu huna la kuogopa. Bi Time maisha yake yote alikuwa amekwenda kwa kila mtu, kwa hivyo alikuwa akilala usingizi mzuri kabisa.

Ikaja habari kwamba dada yake wa Kojani anaumwa sana. Akafunga kijibunda, akatuaga mlango kwa mlango kama ilivyo desturi yake, akaenda kupanda mashua. Alikuwa huko bado siku tulipokaa uwani kwa Mwanamize kuchambua karafuu.

Huyu Mwanamize ndiye ambaye wanawake wa mtaa hukutania kwake. Ana uwa mpana na sauti pana, na akisema jambo, jioni yake limekuwa sharia. Mwaka uliotangulia alimuozesha binti yake, na Bi Time alipiga kigelegele pale mpaka Mwanamize akalia. Mimi nilikuwepo.

Basi tumekaa tunachambua, msichana mmoja akatoa simu. Video ilikuwa inazunguka kisiwa kizima: mgombea wa chama kile kingine, yuko jukwaani, anarusha mikono. Picha imevutwa karibu, uso wake tu na bendera. Lakini sauti! Watu wanavuma, makofi yanaanguka kama mvua ya masika juu ya bati, na yule mgombea aliposema "tutashinda", kikaanza kigelegele. Chini kabisa. Kikapanda. Kikakatika. Mikono yetu ikasita juu ya karafuu. Kisha kikarudi, chembamba na kirefu.

"Huyo Time," akasema Mwanamize.

"Bi Time yuko Kojani," nikasema. "Kenda kumuuguza nduguye."

"Ndivyo alivyokwambia weye."

"Kwani miye peke yangu? Si katuaga sote?"

"Ndo maana katuaga sote!" akasema Mwanamize, na wale wanawake wakaguna. "Ntu akwenda kuuguza, apita mlango kwa mlango kutangaza? Kataka tumtie Kojani vichwani mwetu, naye yuko uwanjani ashangiria. Wallahi miye kanichoma."

Angalieni akili hiyo. Mtu kaaga kwa adabu, adabu yake ikawa ushahidi dhidi yake. Nikasema nitaleta jamaa zake wa Kojani waseme kama hakuwa nao. Mwanamize akauliza jamaa zake watasema nini kingine. Na mwengine akaongeza kwamba haja ya macho haipo, kigelegele kile hata kipofu angekitambua. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma zaidi. Sote tulikuwa tumekitambua.

Bi Time akarudi, dada yake amepata nafuu, amebeba ngisi wakavu wa kuwagawia majirani. Akatoa salamu mtaa mzima na mtaa mzima ukawa kiziwi. Dukani akaambiwa sukari imekwisha, na gunia liko wazi mbele yake. Ngisi wake walirudishwa, na Mwanamize aliwaacha wa kwake juu ya kizingiti mpaka paka wakawapata. Umkulthum alitoka mferejini na ndoo tupu, macho mekundu, kwa sababu kila alipofika zamu yake palikuwa na mtu wa kumwambia si zamu yake. Na wanawake waliokuwa wameshaahidi kuja kukuna nazi siku ya harusi wakaanza kupata safari, mmoja baada ya mmoja. Sijaona mtaa wenye safari nyingi namna ile.

Ilinibidi nimuoneshe mimi, kwani hakuna mwengine aliyekuwa akisema naye. Nilimketisha chumbani kwangu nikaifungua ile video. Aliitazama, na kigelegele kilipoanza akaweka kiganja mdomoni, kama anayehakikisha kwamba mdomo wake umefungwa.

"Ndo miye," akasema. "Ndo miye hasa, Rahila. Lakini sikuwepo."

"Najua hukuwepo."

"Basi vyereje?" Akaniangalia kwa hofu, na mimi nikaiona hofu yenyewe: mtu anajisikia mahali ambapo hajafika. "Harusi ya mwanangu, Rahila. Nani atakuja?"

Hapo ndipo nilipowaka. Nikaipeleka ile video mpaka mwisho wake, na pembeni nikaona alama ya studio ya Fahd Nabhan. Nikamwambia avae buibui.

Fahd ana studio yake karibu na soko. Ni kijana wa watu, kwao walikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, yeye amejitafutia kamera. Hupiga video za harusi upande wa wanaume, na dada yake Aseel hupiga upande wa wanawake. Hilo si jambo dogo. Mwanamke wa Jadida anavua mtandio mbele ya kamera ya Aseel, anacheza, anacheka na meno yote, kwa sababu Aseel ameahidi kwamba picha zile anazitengeneza mwenyewe, mlango umefungwa, na jicho la mwanamme haliwafikii. Harusi haziwezekani kwetu bila ya ahadi hiyo.

"Shikamoo Bi Time, shikamoo Bi Rahila," Fahd akasema, na akainuka kutupa viti.

"Marahaba mwanangu," Bi Time akasema, na hakukaa. "Fahd, umeniokota wapi ukanipeleka mkutanoni?"

Kijana akageuka rangi. Mwanzo alisema hajui. Mimi nikamwambia kama hajui nitakaa pale pale mlangoni mpaka atakapojua, na wateja wake watanipita kichwani. Basi akajua. Mpambe wa mgombea alikuja na picha ya mkutano, na mkutano wenyewe ulikuwa wa watu wachache na viti vingi. Akaambiwa sauti iko baridi, aitie watu.

"Miye fundi tu, Bi Time. Kazi ikija naifanya."

"Nioneshe ulivyonifanya," akasema Bi Time.

Akatuonesha. Juu kwenye kioo cha kompyuta kuna mkanda wa picha, chini yake mikanda ya sauti, mmoja chini ya mwengine. Wa kwanza ni sauti ya mkutano wenyewe: mgombea anasema, upepo unapiga kipaza sauti, mtu anakohoa. Wa pili makofi, kayatoa kwenye mpira. Wa tatu ndicho hicho kigelegele. Alikuwa amekififisha mwanzoni ili kiingie taratibu, akakipandisha katikati, akakitia eko kisikike cha uwanjani. Kisha akakinakili, nakala moja akaishusha iwe nzito, nyengine akaibana iwe nyembamba, ili wanawake wawe wengi. Cha asili akakiacha kama kilivyo juu ya zote.

"Hicho sikukigusa sana," akasema, na nadhani alitaka kumfurahisha. "Kilikuwa kitamu, niliona haya kukiharibu."

Aliona haya kukiharibu kigelegele! Mwenye nacho hakuona haya kumharibu.

Wakati huo Aseel alikuwa ametoka chumba cha nyuma, amesimama na hedifoni shingoni. Akaangalia kioo, akaangalia ndugu yake.

"Fahd. Hiki umekitoa kwenye kazi zangu?"

"Sauti tu. Wallahi sikutizama picha, niliizima picha nikatoa sauti."

"Na kwani uliposikia sauti hukuniona?" akauliza Bi Time.

Mpaka leo sijasikia mtu mwenye jibu la suali hilo. Shehe gani, wakili gani, fundi gani anijibu: ikiwa uso wangu ni amana, sauti yangu ni ya kuokotwa njiani? Mtu akiniita nyuma ya ukuta, simjui ni nani?

Aseel akamwondoa kaka yake kitini bila ya kumgusa, akakaa yeye. Akaondoa eko. Akazima makofi, akazima mkutano, akafuta zile nakala mbili, akabakisha kile kigelegele peke yake, akakipandisha sauti. Sasa kikasikika kilipotoka: chumbani, watu wamebanana, vikuku vinagongana. Na pale kinapokatikia, katika ile pumzi moja, ikasikika sauti nyengine nyuma yake, sauti yangu mimi, nikisema: "Mwanamize, toa mguu, wamkanyaga mwanao!"

Ilikuwa harusi ya binti yake Mwanamize. Kigelegele kile Bi Time alikipiga kwa ajili yake, ndani ya nyumba yake, siku ile alipolia kwa furaha. Na sasa ni yeye aliyekuwa akituma watu safari.

Nikamwambia Fahd ainuke, twende naye Jadida akaseme kwa mdomo wake. Akakataa. Alisema wale watu aliowafanyia kazi si wa kuchezewa, atafungiwa studio, uchaguzi upite kwanza. Uchaguzi upite! Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mama yake ni rafiki yangu. Bi Time alinishika mkono akanitoa nje, na Aseel akatufuata amebeba kompyuta kifuani.

Tukaingia uwani kwa Mwanamize. Wanawake walikuwepo, karafuu zimejaa majamvini. Aseel akaeleza yote, bila ya kumfichia nduguye hata neno, na machozi yanamtoka kwa aibu. Akawasikilizisha video ya mkutano, kisha akaondoa kimoja kimoja, mpaka ikabaki ile sauti yangu na mguu wa Mwanamize. Mimi nilikuwa nikitazama nyuso. Nyuso zilikuwa zinalainika, naapa, mmoja alikuwa keshaanza kusema masikini.

Mwanamize akafuta mikono yake.

"Ahsante mwanangu Aseel. Sasa nambie. Hiyo kompyuta yako, yaweza kumtia ntu mkutanoni naye hayupo?"

"Ndiyo, Bi Mwanamize. Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi yashindwa vipi kunitia miye humo na mguu wangu? Kama ya kwanza ni uongo wa kompyuta, ya pili nayo kaisema nani, si kompyuta hiyo hiyo?"

Na wale wengine, waliokuwa wakilainika, wakakaza nyuso tena. Walifurahi hata. Wamepewa njia ya kutoamini ukweli, na njia yenyewe imetoka mdomoni mwa anayeuleta. Nilitaka kuzimwaga karafuu zote. Sauti ilipomshitaki Bi Time, ilikuwa ushahidi hata kwa kipofu. Ilipomtetea, imekuwa mchezo wa mitambo. Mtu ambaye ameshaamua kukuchukia hana haja ya masikio.

"Yatosha, Rahila," akasema Bi Time. "Twende, nna mchele wa kupeta."

Harusi ikafika. Nilikuna nazi mimi, na wapwa zake wawili waliovuka kutoka Kojani, kwa sababu dada mtu bado hakuwa na nguvu za kusafiri. Mume wangu alisimama na sufuria peke yake, anakoroga pilau kwa mwiko kama kasia, na moshi umemtoa machozi na mimi nimemtoa maneno. Bi Time alimtia mwanawe hina kwa mkono wake. Kazi ya wasichana wa mtaa mzima, aliifanya mama, akiimba taratibu ili mtoto asisikie nyumba ilivyo kimya. Jamvi alilolisuka kwa ajili ya wageni lilitandikwa uwa mzima, na lilibaki na mng'aro wake wote, halikukanyagwa.

Wanawake wa upande wa mume walibaki Kiuyu wakingoja kumpokea bibi harusi. Wanaume wao walikuja na gari, wakaenda msikitini, ndoa ikafungwa, ikasihi. Kisha wakamleta Muadh mlangoni kwa kasida ili aingie kumpa mkewe mkono. Hapo ndipo mahali pake. Mlango unafunguliwa, na nyumba nzima ya wanawake inapasuka kwa vigelegele mpaka bwana harusi anainamisha kichwa.

Mlango ukafunguliwa. Muadh akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, na hapakuwa na kitu cha kuinamia. Nikapiga mimi changu cha kuku. Wale mabinti wa Kojani wakapiga, wanaona haya, wakaacha njiani. Macho ya Umkulthum yalimtafuta mama yake. Mama mtu mwenye harusi kwetu hajipigii, hupigiwa, na Bi Time alisimama amebana midomo, mikono imeshikana mbele. Aseel alikuwa pembeni na kamera yake, anapiga, na mabega yanamtikisika. Nje, ng'ambo ya ukuta, nilisikia ndara za watu waliosimama kusikiliza. Walikuwa hapo! Walikuja mpaka ukutani, wakashindwa kuja mpaka mlangoni.

Baada ya siku chache Aseel alituita studio kuangalia kazi kabla hajaimaliza. Fahd hakuwepo, alikuwa na tabia ya kutokuwepo siku hizo. Tulipofika pale mlango unapofunguliwa, Aseel akaisimamisha video.

"Bi Time, samahani. Fahd kaniagiza nikwambie, kama radhi yake kwako. Ana vigelegele vingi, vya kununua, si vya watu wa hapa. Naweza kuvitia hapa vya wanawake hata mia. Navipandisha mlango ukifunguka, navififisha akishaingia, natia na eko kidogo ya chumbani. Hatojua ntu. Harusi itakuwa imejaa."

Mimi, nisiseme uongo, nilitamani. Nilimfikiria Umkulthum akija kuwaonesha watoto wake. Bi Time aliutazama ule mkanda wa sauti pale kiooni. Penye kasida ulikuwa umejaa milima, na penye mlango ulikuwa umelala, mstari tu.

"Huo mstari ndo siye?" akauliza.

"Ndo nyiye, Bi Time."

"Usitie kitu. Pandisha sauti hapo."

"Hapana sauti hapo, Bi Time, nikipandisha itasikika tu nyumba."

"Pandisha."

Aseel akapandisha. Ikasikika bawaba ya mlango. Ukasikika mwiko unagonga sufuria uwani, na kigelegele changu, Mungu anisamehe, na vile viwili vilivyokatishwa. Kisha kimya, kirefu, na ndani ya kimya hicho Umkulthum akivuta pua chini ya mtandio wake, na ng'ambo ya ukuta ndara zikisaga mchanga.

"Wacha hapo hapo," akasema Bi Time. "Nilishamuuliza mwenyewe Umkulthum kama pakatwe hapo penye kimya. Kasema, mama, miye nilikuwepo."

Nanyi mnajua desturi ya Jadida. Video ya harusi haikai kwa mwenyewe. Wanawake huiazima, fleshi inapita mkono kwa mkono, wanafunga mlango, wanajitafuta: nimetoka vipi, gauni langu limeonekana, fulani alivaa nini. Hii nayo waliiazima, kwanza wale wachokozi, waone aibu ya Time. Wakatazama, na hapana aliyejiona. Wakafika pale mlangoni, na Aseel aliyoyapandisha yakawajaa chumbani. Nimesimuliwa na zaidi ya mmoja kwamba katika nyumba zote waliitazama mara moja tu, na aliyeishika fleshi akairudisha.

Uchaguzi ukapita. Mgombea hakushinda, na hajapita tena Jadida. Salamu zikaanza kujibiwa kidogo kidogo, sukari ikapatikana. Hakuna aliyesema samahani, hilo kwetu ni gumu kuliko kuchimba kisima. Lakini siku moja Aseel aliniita mbio studio, nikamkuta Mwanamize na wanawake wengine wamekaa mbele ya Aseel, mabuibui yao mazuri ya shughuli mwilini, na Bi Time kaletwa, amesimama mlangoni na ukili mkononi. Walikuwa wamekuja kumwomba Aseel awarekodi.

"Atutie na siye," Mwanamize akasema, na ile sauti yake pana ilikuwa haipo. "Pale mlango ufungukapo. Aseel kasema yawezekana, ila lazima weye uridhie. Nikubalie, Time. Kimoja tu. Isibaki vile."

Nilifungua mdomo wangu, nilikuwa na ya kusema ya mwaka mzima. Bi Time akaniwahi.

"Mwanamize, miye nilikipiga kwako changu, ntu akakichukua akakipeleka nisikokwenda, na weye ukaninunia. Leo weye wanambia nikichukue chako nikipeleke ulikokataa kwenda?"

Mwanamize akajifunika uso kwa buibui lake. Aseel akaizima kompyuta, na Bi Time akarudi Jadida kwa miguu, anasuka huku anakwenda.